Mji Wetu, Reli Yetu na Daftari la Kwaya

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika ibada ya shukrani ya Jubilei ya miaka 50

 

Mgeni wetu wa heshima, wachungaji wetu, wazee wa kanisa, akina baba na akina mama, vijana, wanakwaya wa jana na wa leo, na ninyi ndugu zetu wa kwaya rafiki ya Bungoma mliopanda matatu kabla hakujapambazuka ili muwe nasi: itifaki zote zikizingatiwa, tunawasalimu katika jina la Bwana na kuwakaribisha Kitale.

Kamati ya Jubilei ilitupa sisi wa ofisi ya katibu kazi moja, kusimulia historia ya kwaya. Tulipoketi na madaftari ya zamani tukaona kwamba kwaya hii haisimuliki bila mji wenyewe. Walioianzisha katikati ya miaka ya sabini walikuwa watu wa stesheni, watu wa mashamba, walimu na mama wa sokoni. Kila mmoja alikuwa ametoka mahali akaja hapa. Basi mtuvumilie tuanzie mbali kidogo.

Wana wa Israeli walipovuka Yordani waliagizwa waokote mawe kumi na mawili, wayasimamishe, ili siku watoto watakapouliza, wazazi wawe na la kujibu. Sisi tunaofundisha shuleni tunajua kwamba watoto huuliza kweli. Mtoto wa darasa la nne anauliza, "Mwalimu, kwa nini reli ipo na treni haipo?" Na sisi wakubwa tunababaika. Leo tupitie mawe ya mji wetu, moja baada ya jingine.

Jiwe la kwanza ni mawe halisi. Pale kwenye uwanja wa Kitale Club kuna mawe yaliyopangwa kwa duara. Inasimuliwa kwamba hapo palikuwa kituo cha misafara ya watumwa, katika njia iliyotoka upande wa Uganda kwenda pwani hadi Bagamoyo. Watu walilazwa ndani ya duara hilo usiku, asubuhi wakaendelea na safari ya miguu. Wapo wanaosema hata jina Kitale limetokana na jina la kituo hicho. Baadaye klabu ya walowezi ikajengwa papo hapo, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni, akibeba sinia. Mahali pamoja, watu wa namna mbili, nyakati mbili. Tunalitaja jiwe hili kwanza kwa sababu tunaadhimisha Jubilei, na Jubilei katika Maandiko ilianza na habari ya watumwa. Tutarudi hapo.

Jiwe la pili ni ardhi. Hakuna anayeweza kusema nchi hii ilikuwa tupu. Upande wa Mlima Elgon walikuwako Wasabaoti na ng'ombe wao, upande wa vilima vya Cherangany Wasengwer na mizinga yao ya asali, na nyanda za katikati zilijulikana kwa nyasi. Walowezi wakaja, wengine wakiwa Makaburu kutoka Afrika Kusini, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaongezeka askari wa Kiingereza waliogawiwa mashamba kama zawadi ya vita. Nyasi zilezile zikazungushiwa seng'enge. Zikawa ranchi za ng'ombe, kisha mashamba ya mahindi, kahawa na pareto.

Nani alifanya kazi? Babu zetu. Wengi walitoka Bungoma, Kakamega, Nandi, Pokot, Turkana, hata Kisii na Nyanza. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo apate ruhusa ya kukaa na kulima kipande kidogo cha shamba la mzungu. Sheria ya mwaka 1937 ikawapa walowezi nguvu ya kuamua skwota afuge ng'ombe wangapi, au asifuge kabisa. Na kila mwanamume alivaa kipande shingoni, kwenye kijisanduku cha bati, kama kengele ya mbuzi. Wazee wachache waliobaki wanakumbuka baba zao wakikivua kipande usiku na kukitundika ukutani. Hapo tu ndipo walipolala kama watu.

Jiwe la tatu ni reli, na hapa wanakwaya wa zamani watatabasamu. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini nyanda zetu zilingoja. Njia mpya ilitoka Nakuru ikafika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea kupitia Turbo, Webuye na Bungoma hadi mpakani, na kufikia mwaka 1931 treni ilikuwa inaingia Kampala. Sisi wa Kitale tulipewa tawi. Pale Leseru, mbele kidogo ya Eldoret, njia inagawanyika. Moja inashuka kwa ndugu zetu wa Bungoma, nyingine inakuja kwetu, safari ya zaidi ya kilomita 60 kupitia Moi's Bridge, ambayo wazee wetu waliiita Hoey's Bridge. Tawi hilo lilifika Kitale mwaka 1926, na hapo ndipo reli inapoishia. Mji wetu ni mji wa mwisho wa reli. Anayefika hapa hawezi kusema alikuwa anapita tu.

Kwa hiyo, enzi hizo, mtu wa Bungoma aliyetaka kuja Kitale kwa treni alisafiri kwanza hadi Leseru, akashuka na mzigo wake, akangoja, akapanda nyingine. Baba wa mmoja wa wanakwaya wetu alisema alingoja pale usiku kucha akiwa na kuku wawili, na asubuhi akafika na kuku mmoja. Hakusimulia zaidi.

Reli ilileta mabehewa ya ng'ombe na magunia ya mahindi, lakini pia ilileta watu wa sare: makarani, wapiga simu, mafundi wa mataruma, makuli. Wakajengewa nyumba za reli zilizopangwa mistari, mlango kwa mlango, Mluhya na Mjaluo, Mkamba na Mteso. Jioni hakukuwa na redio. Kulikuwa na kuimba. Mwanzo wa kwaya yetu ni hapo, kwenye uwanja ulio kati ya mistari ya nyumba, kabla hatujawa na jengo la kanisa wala kinanda. Mwalimu wetu wa kwanza wa kwaya aliandika solfa kwa chaki kwenye ubao wa mbao uliotolewa kwenye behewa bovu. Ubao huo mtauona leo pale mlangoni. Tafadhali watoto wasiuguse, chaki ya mwisho bado ipo.

Jiwe la nne ni makumbusho. Mwaka uleule wa 1926 treni ilipofika, mlowezi mmoja askari, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyapa mikusanyo yake ya vipepeo, wadudu, ndege na vitabu jina la makumbusho. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mali hiyo, na Desemba 1974 jumba jipya likafunguliwa hapa mjini. Hii ndiyo makumbusho ya kwanza nchini nje ya pwani na Nairobi kuwa na jumba lake namna hiyo, na nyuma yake kuna kipande cha msitu wa asili ambapo wengi wetu tulipelekwa tukiwa wanafunzi. Mwaka huohuo wa 1974 bwawa la Saiwa likawa mbuga ya taifa, ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita tatu za mraba tu, kwa ajili ya kumlinda nzohe, yule paa wa majini mwenye kwato ndefu. Watu huja kutoka Ulaya kumwona. Sisi tulio karibu hatujamwona. Kamati ya matembezi, mmesikia?

Jiwe la tano mnalila kila siku. Mwaka 1956 kampuni ya Kenya Seed ilianza hapa Kitale, na kazi yake ya kwanza ilikuwa mbegu za nyasi kwa ajili ya malisho ya ranchi. Utafiti wa mahindi nao ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla, na mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara ya kwanza, 611. Sikilizeni ilivyopatikana. Mahindi yaliyozoea udongo wa Kitale yalichavushwa kwa mahindi kutoka Ecuador, nchi iliyo mbali, ng'ambo ya bahari. Wa hapa na wa kuja wakazaa mmea uliowapita wazazi wote wawili. Mbegu za ukoo huo zikaenda kwa wakulima wadogo kote nchini. Wakati mwingine tunapobishana kuhusu nani mwenyeji na nani mgeni, tunabishana tukiwa na ugali mdomoni, na ugali wenyewe una jibu.

Sasa tuvuke kwa jirani, maana kwaya hii ina miguu miwili. Wanakwaya wengi wa Kitale wana nyumbani kwao Bungoma, na Desemba madaftari yetu ya mazoezi hubaki matupu kwa sababu kila mtu ameteremka kwa barabara ya Kiminini na Kamukuywa. Bungoma ina mawe yake. Juu ya Webuye kuna Chetambe, ambapo mwaka 1895 Wabukusu walijificha nyuma ya ngome wakipigwa na jeshi lililoongozwa na Hobley. Kuna maporomoko ya Nabuyole, ambayo wakoloni waliyaita Broderick Falls, lakini mto haukujali jina. Kuna kiwanda cha karatasi cha Webuye kilichoanza kutoa karatasi mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009. Familia kadhaa za kanisa hili zilipoteza mshahara siku hiyo, na ndiyo sababu kwaya ya Bungoma ilipata waimbaji wanne wa besi kwa mwezi mmoja, nasi tukawapoteza. Na kuna uwanja wa Kanduyi wenye jina la Masinde Muliro, mzaliwa wa upande wa Kimilili aliyekuwa mbunge wa upande wetu huu wa Trans Nzoia. Mtu mmoja, miji miwili. Hivyo ndivyo tulivyo.

Uhuru ulipokuja, mashamba makubwa yalianza kubadili mikono. Mengine yakawa skimu za makazi. Mengine yakabaki ya serikali chini ya shirika la ADC, ambako ng'ombe wa ukoo bora na mbegu vinazalishwa hadi leo. Mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za watu waliochanga shilingi kwa shilingi. Waanzilishi wa kwaya yetu walikuwamo humo. Walikuwa na hisa, walikuwa na risiti, na wengine hadi leo wana risiti tu.

Na hapa, ndugu zetu, tunafika kwenye jiwe ambalo tungependa kuliruka. Tumekubaliana na Mchungaji tusiliruke.

Mji uliojengwa na watu wa kuja, juu ya ardhi iliyochukuliwa kwa watu waliokuwako, una kidonda. Mwaka 1992 kidonda hicho kilitoka damu. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008 kikatoka tena, na miaka hiyohiyo kule Mlima Elgon watu walikuwa wakikimbia Cheptais na Kopsiro. Uwanja wa maonyesho wa Kitale, ambapo tulizoea kwenda kutazama fahali walioshinda utepe, ukajaa mahema ya watu.

Sisi wa ofisi ya katibu tunatunza daftari la mahudhurio. Lina jalada la kijani. Ukurasa wa Januari 2008 una majina saba ambayo mbele yake hakuna alama. Februari, hakuna alama. Machi, hakuna. Kufikia Aprili mkono wa katibu wa wakati huo umepiga mstari juu ya majina yote saba, kwa rula, vizuri kabisa.

Hakuna aliyewafukuza kwa maneno. Lakini hatukuwatafuta. Mmoja wao, aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza, alikuwa kwenye hema pale uwanjani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mahali tulipokuwa tukifanya mazoezi ya Pasaka. Tuliijua hema yake. Tuliogopa kuonekana tukienda, kila mmoja akiogopa jirani yake. Tukaimba Pasaka bila yeye, na sehemu yake akapewa mwingine. Mwaka uliofuata alikuja kuuliza habari ya sare yake, nasi tukamjibu kwamba imeshapewa mtu. Akashukuru, akaondoka. Alishukuru!

Tumeimba upendo miaka mingi tangu siku hiyo. Tumeshinda mashindano, tumerekodi kanda mbili na sidii moja. Lakini mstari ule wa rula bado upo kwenye daftari.

Ndipo turudi kwenye Jubilei. Katika Walawi, mwaka wa 50 haukuwa mwaka wa keki. Baragumu ilipigwa, watumwa wakaachiwa, ardhi ikarudi kwa ukoo wake, na kila mtu akarudi kwa watu wake. Watumwa, ardhi, kurudi. Hakuna mji Kenya ambao mambo hayo matatu yanaugusa kuliko huu. Sisi kwaya hatuna mamlaka ya kugawa mashamba, na hatutajifanya tunayo. Lakini hilo la tatu, la mtu kurudi kwa watu wake, hilo liko mikononi mwetu, kwa sababu aliyepiga mstari alikuwa mmoja wetu.

Mwaka huu kamati iliamua mambo matatu. La kwanza, daftari jipya limefunguliwa, na majina saba yameandikwa upya mahali pake, kwa kalamu ya wino. La pili, tulipokuwa tunashona sare mpya, tulimwambia fundi aongeze saba. Zinaning'inia chumba cha maandalizi, mmeziona, na wengine mmeuliza ni za nani. La tatu, tuliwatafuta.

Wawili tumeambiwa wametangulia mbele za haki. Sare zao tutawapa familia zao. Mmoja yuko Nairobi na ametuma salamu na mchango. Mmoja amekaa leo miongoni mwa kwaya ya Bungoma, na ameomba tusimsimamishe, nasi tunaheshimu. Wawili simu zao haziingii, lakini hatujaacha kuuliza.

Wa saba ni yule mama wa sauti ya kwanza. Tulikwenda watatu hadi kwake, ng'ambo ya Kamukuywa. Alitupokea vizuri, akatuchemshia chai, akaleta na viazi. Tuliomba msamaha, kwa maneno mafupi kwa sababu marefu yalikataa kutoka. Alinyamaza kwa muda. Hakusema atakuja, na hakusema hatakuja. Alipotusindikiza hadi barabarani ndipo akauliza, "Sare zenu siku hizi ni za rangi gani?" Tukamwambia. Akasema hiyo inamfaa.

Basi, wanakwaya na washirika, tunaomba mambo machache. Wazee mliobaki wa stesheni na mashamba, njooni mketi na vijana wetu wenye simu za kurekodi. Semeni majina ya vijiji, ya mashamba, ya manyapara, ya nyimbo. Reli inaweza kufufuliwa na serikali, lakini mzee akiondoka na jina la shamba alimozaliwa, hakuna bajeti ya kulirudisha. Vijana, msiimbe tu wimbo, jueni aliyeutunga alikuwa akifanya kazi gani mchana. Na sote, kiti cha mwenzako kikiwa kitupu Jumapili mbili, usingoje katibu. Nenda.

Shukrani zetu ni kwa Mungu kwanza. Kwa wachungaji wote waliotulea. Kwa walimu wa kwaya waliotangulia. Kwa wake na waume waliobaki na watoto usiku wa mazoezi. Kwa akina mama wa jikoni, ambao hata sasa moshi unawasumbua kwa ajili yetu. Kwa ndugu zetu wa Bungoma: safari ijayo ni zamu yetu kuteremka.

Baada ya chakula cha mchana, kama mnavyoona kwenye programu, daftari litasomwa. Tutaita majina yote ya miaka 50, tangu jina la kwanza. Ukisikia lako, itika, "Nipo." Jina la aliyelala, sote tutaitika kwa pamoja. Na likiitwa jina ambalo hakuna wa kuliitikia, tunaomba tusiharakishe kwenda kwa linalofuata. Tungoje kidogo. Huenda matatu imechelewa Kiminini.

Mungu aubariki mji huu, wenyeji wake na wageni wake, maana sote ni wote wawili.